Begi la kuzamia halihitaji jina kubwa, linahitaji zipu nzuri

Wewe uliye Umoja, Kayole, Dandora au Donholm, na ambaye umeanza kuweka doo kidogo kidogo kwa ajili ya kozi ya kuzamia Diani au Watamu, hii ni yako. Na wewe unayecheka ukisema kuzamia ni mambo ya wazungu na watoto wa Karen, hii ni yako zaidi.

Siku hizi kuna vijana wa mtaa wanaorudi kutoka Pwani na cheti cha kuzamia kwenye simu. Si wengi, lakini wapo. Na ukikaa nao utagundua kwamba swali linalowasumbua si la papa wala la kina cha maji. Ni la begi. Vitu hivi vyote nitavibeba na nini kutoka huku hadi huko na kurudi, vikiwa vizima?

Msimamo wangu ni huu: usinunue begi lililotengenezwa kwa ajili ya kuzamia. Nunua begi la kawaida, laini, imara, lisilo na maandishi, ikiwezekana la mitumba, kisha pesa uliyookoa ipeleke kwenye mafunzo na kwenye miwani inayokutosha usoni. Najua wapo watakaobisha. Acha nieleze.

Safari yetu si safari yao

Ushauri mwingi wa mabegi ya kuzamia umeandikwa na watu wanaotoa begi sebuleni, wanaliweka kwenye buti ya gari, wanaliachia uwanja wa ndege, halafu wanalikuta tena kwenye hoteli. Kwa mtu huyo, begi kubwa lenye magurudumu ni sawa kabisa. Sakafu yote anayopita ni ya vigae.

Sasa hesabu safari yako wewe. Unashuka ngazi kutoka ghorofa ya sita, na lifti hakuna. Unapanda boda hadi steji. Unaingia mathree, na makanga anaangalia begi lako kama abiria wa pili anayestahili kulipa nauli. Unafika Syokimau, unapanda treni ya SGR. Ukishuka Miritini unatafuta matatu ya kukuingiza mjini. Unavuka Likoni kwa feri, umesimama katikati ya watu, begi mgongoni. Ng'ambo unachukua matatu ya Ukunda, na mwisho tuktuk hadi Diani. Hivyo ni vyombo saba. Begi lako limepandishwa na kuteremshwa mara saba, na bado hujaona maji ya kuzamia.

Kwa safari ya aina hiyo, magurudumu ni mzigo. Yanaongeza kilo mbili au tatu kwenye begi tupu, yanachukua nafasi ndani, na kwenye tope la mtaa wakati wa mvua hayazunguki. Tena kitu cha kwanza kuvunjika kwenye begi la mitumba ni gurudumu, na cha pili ni ule mkono wa chuma wa kuvutia. Begi ambalo mkono umekwama na gurudumu moja limetoka ni jiwe lenye zipu.

Kwa hivyo la kwanza: tafuta begi la kubeba mgongoni kwa kamba mbili pana, zilizojazwa sponji. Mikono yote miwili inabaki huru. Mmoja unashika chuma cha matatu, wa pili unalinda simu. Kama umewahi kupita Muthurwa saa kumi na mbili jioni, hauhitaji nikueleze kwa nini.

Kabla ya begi, jua unachobeba

Hapa ndipo watu hupotezea pesa. Mtu anatazama video tatu, anaamini kwamba mzamiaji ni lazima awe na kila kitu chake, kisha anatafuta begi la kumeza kila kitu. Hapana.

Mtungi wa hewa hautoki Nairobi. Mtungi wa kawaida wa alumini, ule wa lita 11, una uzito wa karibu kilo 14 ukiwa mtupu, na kila kituo cha kuzamia cha Pwani kinayo. Vyuma vya risasi vya kukushusha chini ya maji navyo viko huko huko. Ukimwona mtu anapakia risasi kwenye begi Nairobi, mpigie simu mama yake.

Vinavyobaki ni hivi. Jaketi ya hewa inayokusaidia kuelea, kama kilo tatu na nusu. Regaleta, yaani ile mipira na mdomo wa kupumulia, kama kilo mbili pamoja na geji. Mapezi ya miguu, kilo mbili hivi. Suti ya mpira ya milimita tatu, karibu kilo mbili ikiwa kavu, na ikilowa ni habari nyingine. Viatu vya mpira, kilo moja. Miwani, mrija, tochi na saa ya kuzamia, vyote pamoja kilo moja na ushee. Jumla ni kama kilo 11 au 12. Saizi yako na muundo wa vifaa vitabadilisha hesabu hiyo, kwa hivyo usiniamini mimi, amini mizani. Jamaa wa chuma chakavu kwenye kona yenu anayo, na hatakukatalia kupima begi.

Lakini swali la msingi ni hili: kwani lazima uwe na vyote hivyo? Mwanafunzi wa kozi ya kwanza hupewa vifaa na kituo, na mara nyingi viko ndani ya bei. Mtu anayezamia mara mbili kwa mwaka anaweza kukodisha jaketi na regaleta. Kitu kimoja tu ambacho ningekuambia umiliki mapema ni miwani, kwa sababu sura yako ni yako. Miwani isiyokaa vizuri usoni huingiza maji, na maji kwenye macho yanaharibu siku nzima. Ukimiliki miwani na mrija pekee, begi lako la kuzamia ni lile lile ulilobebea vitabu shuleni. Hauhitaji makala hii, unahitaji nauli.

Ukishaanza kupenda mchezo huu, au ukiufanya kazi, ndipo utaongeza kimoja kimoja. Mapezi, suti, saa, mwishowe regaleta. Begi lako nalo likue polepole pamoja na vitu vyako.

Kwa nini lisiwe na jina

Mabegi ya kuzamia ya Mares, Cressi na Scubapro ni mazuri. Yameshonwa vizuri, sina ugomvi nayo. Tatizo langu ni maandishi. Begi lililoandikwa jina la kampuni kwa herufi za kimo cha mkono, pamoja na ile bendera nyekundu yenye mstari mweupe, linamwambia kila mtu kilicho ndani. Kwenye uwanja wa ndege wa nje linasema kuna vifaa vya maelfu ya dola. Kwenye kituo cha mabasi linasema huyu hapa ana vitu, na hakai kama mtu wa kupigana.

Begi bora kwa mtu wetu ni lile linalofanana na begi la mchezaji anayetoka mazoezini Camp Toyoyo. Jeusi au la kijivu, limechakaa kidogo, lina alama ya maji ya sabuni ambayo haikutoka. Mwizi analitazama anawaza soksi. Mwache awaze hivyo hivyo.

Kuna msemo ule wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye begi la safari ugeuze kidogo: kizuri kifichwe.

Gikomba, Eastleigh au fundi

Sasa twende sokoni. Una njia tatu.

Ya kwanza ni Gikomba. Nenda asubuhi mapema wakati bale zinafunguliwa, uulize kamera, yaani zile za daraja la kwanza. Kuna mabegi ya kijeshi, ya wapanda milima, ya wachezaji wa magongo ya barafu kutoka nchi ambazo hutawahi kujua baridi yake. Hayo ya wachezaji wa magongo ni dhahabu, kwa sababu yametengenezwa kubeba vitu virefu, vizito na vinavyonuka. Bei itategemea uso wako na saa uliyofika, kwa hivyo usivae viatu vyako vipya.

Ya pili ni Eastleigh. Mabegi ni mapya, mengi, na bei zinasomeka. Lakini chunguza sana. Begi jipya lenye kitambaa chepesi linang'aa dukani na linapasuka kwenye bega la kwanza la makanga.

Ya tatu, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni fundi. Eastlands imejaa watu wanaoshona turubai za lori, viti vya matatu na hema za harusi. Turubai ile ile inayofunika mzigo kutoka Mombasa hadi Malaba, jua na mvua, haitashindwa na mapezi yako. Mpelekee fundi kipimo, mwambie unataka mshono mara mbili, uzi wa nailoni, na mkanda unaozunguka chini ya begi mzima mzima badala ya kushonwa pembeni tu. Sisi ni watu ambao Kamukunji walitugongea masanduku ya bweni yaliyodumu miaka minne ya shule, kwa hivyo hatuwezi kushindwa na begi.

Popote utakapokwenda, beba tepu ya kupimia. Mapezi mengi yana urefu wa sentimita 60 hadi 70, na ndiyo yanayoamua ukubwa wa begi. Pima ndani ya begi, si nje, na pima pia mshazari kutoka kona hadi kona. Begi la lita 80 hadi 100 linatosha mtu mmoja na vitu vyake vyote. Ukinunua kubwa zaidi ya hapo, utalijaza. Binadamu ndivyo tulivyo.

Kisha zipu. Mtu anayenunua begi anaangalia rangi, mzoefu anaangalia zipu. Chumvi ya bahari inakula chuma. Zipu ya meno ya chuma itakwama baada ya safari mbili, tatu, na siku itakayokwama itakuwa saa kumi na moja alfajiri. Tafuta meno makubwa ya plastiki, yale mazito. Ifungue na kuifunga mara kumi pale pale dukani, muuzaji akununie kama anataka. Hakikisha ina vichwa viwili vinavyokutana, ili uweze kupitisha kufuli ndogo. Ukipenda begi lakini zipu ni mbovu, usiliache. Uliza bei ya kubadilisha zipu kwanza, ukatoe kwenye bei ya begi unapobishana.

Angalia pia chini ya begi. Kama kuna tundu dogo lenye wavu au pete ya kutolea maji, hilo ni jambo zuri sana. Kama halina, fundi wa viatu atakuwekea pete mbili kwa dakika tano. Maji ya chumvi yanayokaa chini ya begi ndiyo yanayozalisha ile harufu ambayo jirani atadhani umekufa.

Na kama ni la mitumba, ligeuze ndani nje, ulimwagie maji ya moto, ulianike juani siku mbili. Kunguni hawahitaji kwenda Diani.

Sasa, haki yao niwape wanaobisha. Mtu anayefanya kazi kwenye boti kila siku anahitaji begi la wavu, lile linalotoboka kila mahali, kwa sababu vifaa vyake havikauki kabisa kati ya siku moja na nyingine. Na anayesafiri na regaleta yake nchi tano kwa mwaka atafaidika na kimfuko maalum chenye sponji nene. Kama wewe ni mmoja wa hao, nunua, umeshajilipa. Hoja yangu ni kwa anayeanza, ambaye elfu kumi kwake ni kodi ya nyumba.

Namna ya kupanga

Begi zuri lililopangwa vibaya ni begi baya. Mapezi yawe ya kwanza, yalale kwenye kuta mbili za begi, moja kushoto na moja kulia. Hayo ndiyo mbavu. Chini weka jaketi ya hewa, ikiwa imetolewa hewa na kukunjwa. Suti ya mpira usiikunje kwa nguvu kama shati, ikishika mkunjo inabaki nao. Izungushe kama mkeka, kisha iwe mto wa kuzunguka vitu laini.

Regaleta iwe katikati, isiguse ukuta wowote. Mipira yake izungushwe kwa duara pana kama sahani ya pilau. Sehemu hatari ni pale mpira unapoingia kwenye chuma: ukiukunja hapo kwa nguvu, unaanza kupasuka ndani kwa ndani, na hutaona mpaka siku ambayo hutaki kuona. Na hakikisha kile kifuniko cha kuzuia vumbi kimefungwa. Hicho ni kifaa kinachokupa hewa mita 18 chini ya maji. Usikiweke chini ya viatu.

Miwani iwe ndani ya kitu kigumu. Hauna kasha lake? Tumia mkebe wa plastiki wa chakula, ule wenye kifuniko cha kubana. Au ifunge kwa soksi uitie ndani ya kiatu cha pezi.

Nguo chafu na vifaa vilivyolowa vinahitaji mfuko wa ndani usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo usiitegemee. Gunia la unga lililooshwa, likashonewa kamba, linafanya kazi hiyo vizuri, na linaruhusu upepo. Na ule mfuko mkubwa wa miraba, ambao Watanzania huuita shangazi kaja, ni mzuri kama mfuko wa ziada wa kurudi. Kama begi kuu, hapana. Mikono yake inakatika, na nimeshawahi kuona umekatika kwenye ngazi za feri.

SGR, ndege ndogo na kile kisu

Tiketi ya kawaida ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 Januari 2024. Bado ni njia nzuri kwa mtu mwenye begi zito, na kama uko upande wa Makadara au Imara Daima kuna treni ya abiria inayokwenda Syokimau bila kupitia foleni ya Mombasa Road. Ila fika mapema. Pale kituoni mabegi yanapangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi wanayanusa, kisha yanapita kwenye mashine. Begi linalofunguka kirahisi kutoka juu, lote, kama sanduku, litakuokolea aibu ukiambiwa ulifungue. Begi la mdomo mdogo litakulazimisha kumwaga suti na boksa zako mbele ya umati.

Kisu cha kuzamia kiache nyumbani. Visu haviruhusiwi kwenye treni, na hakuna askari atakayekubali hadithi yako ya kukata nyavu. Ukihitaji, kituo cha kuzamia kitakupa.

Ukipata mtu wa kukulipia ndege, jua kwamba ndege ndogo za Wilson zina masharti makali. Safarilink, kwa mfano, hukubali kilo 15 na hupendelea mabegi laini. Rudi kwenye hesabu yetu. Vifaa kilo 12, begi la magurudumu kilo nne. Umeshapita kabla ya kuweka hata kaptura. Begi laini la kilo moja na nusu linakuachia nafasi ya nguo mbili na mswaki. Unaona sasa kwa nini nakazania begi jepesi?

Kwenye ndege yoyote, vitu vitatu visitoke mkononi mwako: regaleta, saa ya kuzamia na miwani. Mapezi yakipotea unakodisha mengine, lakini saa hukodishwi kila mahali. Na betri za akiba za tochi, zile za lithiamu, sheria za ndege zinataka zikae nawe ndani, si kwenye mzigo unaokwenda chini.

Kurudi nyumbani ni somo lenyewe

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu si suala la begi pekee.

Ukizamia, mwili unanyonya naitrojeni kutoka kwenye hewa unayopumua chini ya shinikizo. Ukitoka majini, gesi hiyo inatoka taratibu. Ukipanda juu haraka, mahali ambapo hewa ni nyepesi, inaweza kufanya mapovu ndani ya mwili: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na mabaya zaidi. Ndiyo maana shirika la Divers Alert Network linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 ukizamia mara nyingi au siku kadhaa, kabla ya kuruka kwa ndege.

Watu wetu wakisikia hivyo wanasema: mimi sirudi na ndege, narudi na SGR. Buda, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Treni inakupandisha huko kwa saa tano au sita. Ushauri ule unahusu mwinuko kuanzia kama mita 600, na mwili wako haujui kama umepandishwa na ndege, treni au basi la usiku. Kuzamia asubuhi na kupanda treni jioni ile ile ni hatari. Mwambie mwalimu wako kwamba unarudi Nairobi, naye atakupangia.

Uzuri ni kwamba saa hizo 18 ndizo begi lako linazohitaji. Zamia siku ya mwisho asubuhi, kisha osha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi pale pale kituoni. Tumbukiza, suuza, ingiza maji ndani ya jaketi uyatikise uyamwage. Anika kivulini, si juani, kwa sababu jua linaua mpira. Lala. Kesho yake unapakia vitu vikavu na mwili uliopumzika, unapanda treni.

Ukiacha kuosha Pwani kwa kusema utaosha nyumbani, kumbuka unaishi wapi. Maji yetu huja kwa ratiba. Utatumia mitungi miwili ya lita 20 kuondoa chumvi kwenye jaketi, halafu mama mwenye nyumba akuulize kama unafuga samaki. Na suti ya mpira kwenye kamba ya paa la ploti haitakaa hadi asubuhi. Hakuna atakayejua ni ya nini, lakini mtu ataichukua tu.

Kwani haya yote ya nini?

Kuna mtu bado anauliza kwa nini kijana wa Eastlands ajisumbue. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na kwa hivyo najua vizuri namna mtu anavyoambiwa kwamba jambo fulani si la watu wa aina yake. Huwa linasemwa kwa upole, kama ushauri.

Angalia ramani. Mto Nairobi unapita Dandora, unaungana na Athi, unakuwa Galana, unakuwa Sabaki, unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi, si mbali na mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968. Takataka zetu zilishafika baharini zamani, bila begi na bila tiketi. Sisi wenyewe ndio hatujafika.

Na mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni tarehe 29 Septemba likiwa na mama na binti yake, nchi nzima ilikaa mbele ya runinga ikingojea wapiga mbizi. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Sidai kwamba kijana wa Kayole angelitoa haraka zaidi, kina kile si mchezo. Nasema kwamba nchi yenye bahari, maziwa na mito inayofurika kila msimu haiwezi kuendelea kuwa na watu wachache tu wanaojua kufanya kazi chini ya maji. Mathare ilipofurika Aprili 2024 tulikumbushwa hilo tukiwa nyumbani kwetu.

Kozi ya kwanza ya PADI haiulizi ulisoma wapi. Inataka uweze kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, uwe mzima wa afya, usome kitabu na ufaulu. Ukifika mbele zaidi kuna kazi: kuongoza watalii, kuchunguza matumbawe, kukagua meli na gati. Hizo ni kazi ambazo mtu hulipwa kwa ujuzi wa mwili na kichwa chake, bila kuulizwa anatoka ploti gani.

Kwa hivyo mpango ni huu. Wiki hii anza kuogelea, hata kama ni dimbwi la Kasarani mara moja kwa wiki. Mwezi ujao nunua miwani, uijaribu usoni bila kamba: vuta hewa kwa pua, na ikishika bila kuanguka, ni yako. Begi liwe la mwisho. Siku ukienda Gikomba, beba tepu, vuta zipu mara kumi, na likiwa na maandishi makubwa, lirudishe kwenye rundo.